Mvua Ikikatika, Utupe Chambo Gani?

Mvua ya masika ikikatika, wavuvi wa mshipi wa Mji wa Kale wa Mombasa hugawanyika. Kuna wanaokunja mishipi yao na kusema maji yamechafuka, samaki wamekwenda zao. Kuna wanaoshuka mbio na kutupa kilekile walichotupa jana maji yalipokuwa meupe. Nawaandikia wote, na hasa kijana wa Kibokoni aliyenunua fimbo na rili yake ya kwanza, akafungua kisanduku cha chambo bandia kilichojaa rangi, na sasa hajui aanze na kipi. Jibu langu ni moja: kabla hujafungua kisanduku, jua maji yanajaa au yanakupwa. Mvua ileile huleta maji ya namna mbili mbele ya Mji wa Kale, ya kujaa na ya kupwa, na kila maji yana chambo chake.

Anza kwa kujua uliposimama. Kibokoni iko nyuma ya Ngome ya Yesu, na ukishuka kwa Ndia Kuu au Mbarak Hinawy hufiki mbali kabla ya kuyaona maji. Hayo ni maji ya mlango wa hori ya Tudor. Ukiitazama English Point ng'ambo, kulia kwako ndiko bahari kuu, na kushoto, ukipita Daraja la Nyali, hori inaingia ndani kwenye mikoko hadi Mikindani na Mishomoroni. Mwisho wa hori kuna mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu, inayoteremka kutoka upande wa Mariakani. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, kwa kawaida zaidi ya milimita 200, na udongo wa huko bara ukisombwa hauna njia nyingine ya kufika baharini ila kupita mbele yako.

Sasa tofautisha uchafu wa namna mbili, maana wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya mjini: maji ya mitaro na vichochoro, meusi, yana mafuta, majani na mifuko, na yanaingia baharini mvua ingali inanyesha. Hukaa karibu na ukuta. Hayo yaepuke, hayana samaki wa maana, na samaki atakayevuliwa mdomoni mwa mtaro si wa kupelekwa nyumbani. Ya pili ni ya mtoni: maji ya hudhurungi au mekundu, mapana, yanateremka na mkondo kutoka kwenye hori. Haya huchelewa, kwa sababu yana safari ya zaidi ya kilomita 30 na hutegemea mvua iliyonyesha bara. Inawezekana Kibokoni kumeanikwa nguo juani na maji mekundu ndio kwanza yanapita chini ya Daraja la Nyali. Haya ya pili ndiyo yenye riziki. Yanasomba kamba, kaa wadogo na vidagaa kutoka mikokoni, na samaki wakubwa wanajua.

Kitu kingine cha kujua kabla ya kutupa ni kwamba maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu kama samli juu ya mchuzi. Ukitazama kutoka gatini utadhani bahari yote imekuwa tope hadi chini. Mara nyingi tope ni tabaka tu, na chini yake maji ya chumvi bado ni maangavu. Samaki hushuka huko. Tasi na changu, ambao ni watu wa miamba na nyasi za bahari, huyakimbia maji matamu. Lakini chewa hubaki kwenye shimo lake chini ya nguzo za gati, kolekole huja kuwinda pembezoni mwa tope, na mkizi huingia ndani yake bila wasiwasi. Hii ndiyo sababu chambo cha kuelea, kile cha kurukaruka juu ya maji, hakifai saa chache za mwanzo baada ya mvua kubwa. Unataka chambo chenye uzito wa kulipasua lile tabaka: kichwa cha risasi cha gramu 15 hadi 30, kutegemea nguvu ya mkondo.

Kisha pima. Mwaka 1865 kasisi na mwanafalaki wa Kiitalia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari kwa kuteremsha sahani nyeupe hadi isipoonekana, na wanasayansi wa bahari wanaitumia njia hiyo hadi leo. Wewe chukua kifuniko cheupe cha ndoo, kitoboe katikati, kifunge kwa mshipi na chubwi chini yake, ukiteremshe upande wenye kivuli. Kikitoweka, shika mshipi pale ulipogusa maji, uvute, upime kwa mwili wako. Kama ni chini ya mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, uko kwenye maji ya giza. Kati ya mkono na pima moja, ni maji ya kati. Zaidi ya pima, vua kama siku yoyote ya kawaida. Kipimo hiki huchukua dakika moja na kitakuokolea jioni nzima ya kubadilisha chambo kwa kubahatisha.

Katika maji ya giza, tupa kitu cheusi. Najua inasikika kinyume. Akili inakwambia maji yakiwa na giza utafute kinachong'aa. Lakini kung'aa kunahitaji mwanga wa kuakisiwa, na tope limeshaula mwanga huo. Kinachobaki ni kivuli. Samaki aliye chini akitazama juu huona anga lenye mwanga hafifu, na kitu cheusi au cha zambarau iliyokolea hujikata vizuri dhidi ya mwanga huo kuliko fedha au buluu. Tope la mtoni humeza kwanza mwanga wa buluu, kwa hiyo vile vyambo vizuri vya buluu na fedha unavyoviona vimetundikwa dukani, hapa hufa rangi kabla ya kufika pima moja. Rangi ya chungwa, nyekundu na njano huishi zaidi. Kwenye maji safi ya bahari kuu mambo hugeuka, nyekundu ndiyo hufa mapema, na ndiyo maana huwezi kuikariri rangi moja ukaitumia mwaka mzima.

Zaidi ya rangi, katika maji ya giza tafuta kishindo. Samaki ana mstari unaopita ubavuni mwake, kuanzia kichwani hadi karibu na mkia, unaohisi msukumo wa maji. Kwa mstari huo chewa anajua kuna kitu kinapita hata kama hakioni. Mpe kitu cha kuhisi: samaki wa mpira laini mwenye mkia mpana unaopiga maji, au samaki bandia mwenye chembe za chuma tumboni zinazogongana ukimvuta. Mtikise sikioni kabla ya kumfunga. Kama huzisikii chembe, mrudishe. Saizi nayo ipandishe kidogo. Siku ya maji meupe unatupa cha urefu wa kidole; leo tupa cha urefu wa kiganja kizima. Na uvute polepole, polepole kuliko unavyopenda. Zungusha rili mara mbili tatu, acha chambo kizame, zungusha tena. Samaki anayewinda kwa kuhisi anahitaji muda wa kukifikia kilipo, na wengi wanaorudi mikono mitupu baada ya mvua walikuwa na chambo sahihi ila walikivuta mbio.

Mwendo ndio roho ya chambo bandia. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, alitengeneza chambo chake cha kwanza kilichofaulu mwaka 1936 kwa kipande cha koki, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti na kukipaka negativu za picha zilizoyeyushwa badala ya vanishi. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida tu. Alichokuwa amekiona ni kwamba samaki mkubwa akilifikia kundi la wadogo huwaacha wazima na kumfuata yule anayeogelea upande upande, aliye mgonjwa. Chambo chake kilikwenda upande upande. Kwa hiyo kabla ya kutupa mbali, chovya chambo chako miguuni pako, ukivute pima moja kando ya ukuta na ukitazame. Kama kinakwenda moja kwa moja bila kutikisika, fundo lako limekaza mno puani mwake; fungua, funga fundo la kitanzi ili kipate nafasi ya kucheza.

Maji ya kati yana chambo ninachokipenda kuliko vyote, na hakikugharimu chochote. Ni nyoya. Wavuvi wa pwani yetu wamevua kwa manyoya ya kuku tangu kabla maduka hayajaleta vyambo vya plastiki, hasa katika kurambaza kwa mashua. Omba manyoya ya shingoni ya jogoo mweupe kwa anayechinja kuku. Chagua yale marefu membamba, sita au saba, yenye urefu wa kidole cha kati. Yaoshe kwa sabuni utoe mafuta, yaache yakauke. Yashike kwenye shina la ndoana, nusu yapinde kulia na nusu kushoto, ili yakiwa majini yafunguke na kujifunga kila unapovuta. Zungushia uzi wa kushonea mara nyingi, kaza, tia tone la gundi. Mbele ya fundo weka risasi ndogo yenye tundu. Jeupe hili linaonekana vizuri kwenye maji ya hudhurungi hafifu, na likilowa linapumua hata ukiwa umelisimamisha, jambo ambalo bati na plastiki ngumu haviwezi. Ukiwa na kipande cha bati chenye umbo la kijiko, chagua cha rangi ya shaba au dhahabu kwa maji haya. Cha fedha kiweke kwa ajili ya maji meupe.

Turudi sasa kwenye kujaa na kupwa, maana ndiko uamuzi mkubwa uliko. Maji yakipwa, hori nzima ya Tudor inamwagika kupita Mji wa Kale. Hapo ndipo tope linapofika kwako, na hapo ndipo cheusi, kikubwa, cha kelele, cha polepole kina kazi. Samaki hukaa upande wa nguzo ambako mkondo umevunjika, pua zimeelekezwa upande wa Daraja la Nyali, wakingoja kinachosombwa. Tupa juu ya mkondo, kushoto kwako, uache chambo kije na maji kama kitu kilichochoka, kisha ukivute taratibu kinapofika usawa wa nguzo. Ukitupa upande wa kulia na kuvuta kinyume cha mkondo, chambo chako kinaogelea kwa nguvu ambazo hakuna kamba wala kidagaa anazo, na chewa hatoki shimoni kwa kitu asichokiamini.

Maji yakijaa, bahari kuu inaingia mlangoni na kulisukuma tope kurudi ndani. Utaona mstari: upande mmoja hudhurungi, upande wa pili kijani, na katikati povu, majani ya mikoko na vijiti. Mstari huo husogea. Mara uko upande wa Ngome, mara unapita mbele ya Bandari ya Zamani, na baada ya saa moja unaelekea Darajani. Vidagaa hujificha kwenye upande wa tope na kolekole huranda kwenye upande mweupe, akiwashambulia wanapotokeza. Chambo cha kujaa ni chepesi: fedha, nyeupe, urefu wa kidole, na mwendo wa haraka wenye kukatika katika. Kitupe kwenye tope na ukivute kitokeze kwenye maji meupe. Kolekole hupiga palepale kinapotokeza.

Je, utajuaje saa? Jedwali la maji ya Kilindini hutolewa na Mamlaka ya Bandari, na siku hizi simu yoyote inalo. Lakini kuna kanuni ya wenyeji isiyohitaji simu. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua, na hapa Mombasa maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Ikifika maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yamepinduka: kujaa ni saa nne hivi na kupwa ni saa kumi. Kwa hiyo mvua ya bamvua iliyokatika adhuhuri inakukuta maji yanajaa. Funga kidogo cha fedha. Ukibaki hadi baada ya magharibi yatakuwa yanashuka, na hapo badilisha upesi, ufunge cheusi. Wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mkondo ni mkali, na kichwa cha gramu 15 hakifiki chini, ongeza risasi. Maji mafu yana mkondo mlegevu na tope hukaa muda mrefu bila kuondoka. Kwa siku hizo namshauri mtu aache chambo bandia kabisa, atumie harufu.

Harufu husafiri pale ambapo macho yameshindwa. Ngisi mbichi wa sokoni anatosha, na mvua ikiwa kubwa ni bora kuliko kisanduku kizima. Kata ubapa wa ngisi wenye urefu wa kidole, mpana upande mmoja na uliochongoka upande wa pili, ngozi usiitoe kwa sababu ndiyo inayoshika. Tunga ndoana mara moja tu, kwenye upande mpana, karibu na ukingo. Ukitunga mara mbili nyama hukunjamana na kuzunguka majini, mshipi unasokoteka. Ukitunga vizuri mkia wake hupepea. Ubapa huohuo unaweza kuuning'iniza kwenye ndoana ya nyoya au ya mpira mweusi, ukapata kivuli, mwendo na harufu kwa mpigo mmoja. Kama ningelazimishwa kuchagua chambo kimoja cha maji ya hudhurungi ya Mei, ningechagua hicho: mpira mweusi, risasi ya gramu 20, na ubapa wa ngisi nyuma. Kamba mbichi pia ni mtamu kwa samaki wote, tatizo lake ni bunju. Bunju ana meno ya kukata, hunyofoa kamba na hata mikia ya mpira kidogo kidogo bila wewe kuhisi zaidi ya mguso mwepesi. Ukiona mkia wa mpira umerudi na pengo la duara, safi kama limekatwa kwa mkasi, ujue ni yeye. Hama hatua kumi. Na ukimnasa, mrudishe majini. Sumu yake huua na haiondolewi kwa kupika.

Kuhusu vyambo vya dukani, jambo moja linapaswa kusemwa waziwazi. Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya besi, samaki wa maziwa ya Marekani, ambaye nasi tunaye katika Ziwa Naivasha tangu alipopandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1920. Besi naye hupenda nguzo, vivuli na maji yaliyovurugwa na mvua, ndiyo maana vyambo vyake vinafaa hapa. Ndoana zake hazifai. Ni nyembamba, za maji matamu, na kolekole wa kilo tatu atazinyoosha huku unatazama. Zisiponyooshwa leo, chumvi itakuwa imezila wiki ijayo. Nunua chambo, toa ndoana, weka za baharini zenye shina nene. Badala ya zile zenye ncha tatu, mimi huweka moja ya ncha moja nyuma. Haishiki kamba za mashua wala nguzo kwa urahisi, na samaki mdogo unaweza kumtoa bila kumrarua.

Nguzo zenyewe zimevaa chaza, na chaza hukata mshipi mara moja. Weka kipande cha uzi mnene, wa milimita 0.7 au 0.8, urefu wa mkono mmoja na nusu mbele ya chambo. Katika maji ya giza samaki hataona unene huo. Maji yakisafika ushuke hadi 0.5, na kama umeona tengesi wakiruka, tia waya mfupi, maana meno yao hayana mjadala. Anayevua kwa mshipi wa mkononi aliouzungushia chupa asijione amepungukiwa na kitu kando ya nguzo. Anamhisi chewa kidoleni mapema kuliko mwenye fimbo, na akivuta mara ya kwanza kwa nguvu anamtoa shimoni kabla hajajibana. Sekunde mbili za mwanzo ndizo zinazoamua. Chewa akishaingia na kutanua mapezi yake, legeza mshipi, usubiri dakika kadhaa, mara nyingine hutoka mwenyewe.

Usiku baada ya mvua, taa za gatini hukusanya kamba na vidagaa kwenye duara la mwanga. Usitupe katikati ya duara. Samaki mkubwa hukaa ukingoni, gizani, akitazama ndani. Tupa ng'ambo ya mwanga na uvute chambo cheusi sambamba na ukingo wake. Mkizi wataruka sana, wengine hadi ndani ya mashua, na wenye mashua watakwambia hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Kwa mwenye chambo bandia kuruka kwao kuna maana zaidi, kwamba chini yao kuna anayewafukuza. Tupa pale waliporuka kutoka, usitupe walipoangukia.

Kuhusu mahali pa kusimama, Bandari ya Zamani ni eneo la forodha na ulinzi, usiingie bila kuruhusiwa. Vidato vya Leven, vyenye jina la manowari ya Kiingereza iliyofika mwaka 1824, na ngazi nyingine zote za kushukia majini huota ukijani unaoteleza vibaya baada ya mvua. Kaa juu ya alama ya maji. Radi ikisikika, laza fimbo chini uondoke, fimbo za kaboni hupitisha umeme. Mbele ya Ngome kumelala mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Ni mali ya kale inayolindwa na sheria, ukiwa na mashua usitie nanga pale hata ukiambiwa chewa wake ni wakubwa. Uliza pia ofisi ya uvuvi kuhusu leseni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016 inahusu hata anayevua kwa kujifurahisha.

Na ukikuta mzee ametangulia, mwamkie kabla hujatoa fimbo. "Shikamoo, ami. Naweza kutupa hapa?" Atakujibu, "Marahaba, tupa, ila usinivuke mshipi." Simama upande wa chini ya mkondo kwake, ili chambo chako kisipite juu ya mshipi wake. Muulize pia tope lilifika saa ngapi. Hakuna jedwali linalokupa habari hiyo.

Chewa mdogo mrudishe. Wengi wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakua, kwa hiyo ukiwamaliza wadogo umemaliza mama na baba kwa pamoja. Vilevile mikoko ya hori ndiyo inayowalea kamba wanaoletwa na maji ya kupwa; mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifukia kwa udongo mikoko mingi ya Mwache, upande wa pili wa kisiwa, na mahali palipofukiwa pamechukua miaka mingi kurudi. Mishipi iliyokatika ikusanye uende nayo, hasa iliyozonga nguzo, kwa sababu kasa na ndege hawaioni.

Kumtoa samaki kwenye ndoana kunataka kitambaa na koleo, hasa gizani. Ngogo na tasi wana miba yenye sumu; ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maana joto huivunja sumu hiyo, kisha nenda hospitali kama uvimbe unapanda. Ukirudi nyumbani suuza vyambo vyote kwa maji ya bomba, hata vile ambavyo hukuvitumia lakini vililala kwenye kisanduku kimoja na vilivyolowa. Vianike kivulini usiku kucha kabla ya kufunga kifuniko, na ndoana yoyote iliyoanza kutu itoe kando, kwa sababu kutu ya moja huhamia kwa zote kabla mvua nyingine haijanyesha.